Bima ya mzee isomwe kuanzia matibabu ya nje

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo familia nyingi hulifanya kwa nia njema lakini kwa pupa: kumkatia mzee bima ya afya. Watoto hukutana, vipeperushi vya kampuni tatu nne hutandazwa mezani, na macho ya wote hukimbilia tarakimu iliyo kubwa kuliko zote, yaani kiwango cha juu cha gharama za kulazwa. Kampuni inayoahidi kingi ndiyo inayochukuliwa. Mhusika mwenyewe mara nyingi hata hayupo; huletewa fomu atie sahihi.

Nasema mkataba wa bima ya mtu wa miaka 70 usomwe kwanza pale penye matibabu ya nje, yaani yale ya mgonjwa asiyelazwa. Huko ndiko maisha yake yaliko: kidonge cha presha kila asubuhi, kupima sukari, kwenda kliniki, miwani, meno, magoti yanayouma. Kulazwa huja mara chache, na mara nyingi huja kwa sababu hayo madogo yaliachwa. Presha ikipanda mwenye nayo anaweza asisikie chochote kwa miaka, kisha siku moja akapata kiharusi. Kisukari kisichofuatiliwa huharibu figo, macho na mishipa ya fahamu ya miguu. Bima iliyo tayari kugharamia chumba cha wagonjwa mahututi lakini haigharamii dawa za kila mwezi inamsubiri mzee aumwe sana ndipo imsaidie.

Hivi karibuni nilikaa na mkataba wa shangazi yangu nikausoma mstari kwa mstari. Ukurasa wa mbele uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba matibabu ya nje yamo. Ndani, kwa herufi ndogo, dawa za magonjwa ya kudumu zilikuwa na kikomo chake peke yake, na kwa dawa anazotumia yeye kikomo hicho kingeisha kabla mwaka haujafika katikati. Miwani ni mara moja kila baada ya miaka miwili. Kisha nikakuta mstari wa tiba ya viungo: italipiwa baada ya upasuaji tu. Nilirudia kuusoma. Maana yake mzee anayeyumba akitembea hawezi kupelekwa kwa mtaalamu akafundishwa kuimarisha miguu. Mpaka aanguke, avunjike nyonga na apasuliwe ndipo mlango huo ufunguliwe.

Mstari huo ndio ulionifanya niandike barua hii. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka. Wengi huinuka na michubuko, lakini wapo wanaovunjika nyonga, na kati yao wako wasiorudi tena kutembea kama zamani. Hata asiyeumia hubaki na hofu. Anaacha kutoka nje, miguu inazidi kulegea, na hatari ya kuanguka tena inaongezeka.

Kinga yake inajulikana na haina gharama kubwa. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na zaidi ya hapo wafanye mazoezi ya nguvu na ya kulinda mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki. Hilo la pili husahaulika kabisa. Wazee huambiwa "uwe unatembeatembea", wakatii, na bado mapaja yakabaki bila nguvu. Kuna zoezi ambalo karibu kila mzee anayeweza kusimama anaweza kuanza nalo, mtu mwingine akiwa karibu: akae kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemezwe ukutani, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, kisha ainuke polepole bila kujisukuma kwa mikono na akae tena polepole, asijibwage. Akishindwa bila mikono, aitumie kwanza na aipunguze kidogo kidogo. Kabla ya hapo daktari amwangalie moyo na presha, kwa sababu baadhi ya dawa humfanya mtu aone kizunguzungu akisimama ghafla.

Na hizo dawa zenyewe zinahitaji kuangaliwa. Mzee anayetibiwa na madaktari watatu anaweza kuwa anakunywa dawa zinazogongana, na hakuna kati yao anayejua mwenzake ameandika nini. Dawa zote, pamoja na za kienyeji na zile za kununua bila cheti, zitiwe kwenye mfuko mmoja zipelekwe kwa daktari mmoja azipitie. Bima nzuri hulipia miadi ya namna hiyo.

Jambo jingine ni fomu ya kujiunga. Wako mawakala wanaomwambia mteja asijaze ugonjwa alionao ili malipo yawe nafuu. Nawasihi watoto wasikubali. Siku madai makubwa yanapofika, kampuni hufungua mafaili ya hospitali, na ikigundua kwamba presha au kisukari kilifichwa inaweza kukataa kulipa au kuvunja mkataba mzima. Afadhali kusema kweli, kukubali kipindi cha kusubiri, yaani muda ambao bima bado haigharamii ugonjwa huo, na kuuliza kipindi hicho ni cha muda gani kwa kila ugonjwa. Kwa sababu hiyohiyo, bima ya zamani isiachwe kabla kipindi cha kusubiri cha mpya hakijaisha. Kampuni nyingi huweka ukomo wa umri kwa wanaojiunga mara ya kwanza, huku zikiendelea kuwahudumia waliojiunga mapema. Ukiiacha iishe muda wake, mzee anaweza kukosa pa kuingilia tena.

Tusidhani tatizo hili la bima kuacha mahitaji ya kila siku ya mzee ni la nchi maskini pekee. Marekani, mpango wa serikali wa Medicare, unaohudumia hasa watu wa miaka 65 na zaidi, katika muundo wake wa msingi haulipii vifaa vya kusaidia kusikia wala miwani ya kawaida, na meno kwa sehemu kubwa yameachwa nje. Mzee asiyesikia vizuri hujitenga na mazungumzo, na upweke nao una madhara kwa afya yake. Kwa upande mwingine, Japani ilianzisha bima ya lazima ya huduma za muda mrefu mwaka 2000, na katika mageuzi ya mwaka 2006 ikaongeza huduma za kuzuia mzee asifikie hali ya kuhitaji kuhudumiwa. Kwa hiyo bima kulipia kinga inawezekana.

Mhariri, nina maombi mawili. Mara nyingine mnapolinganisha bima za wazee, pamoja na kiwango cha kulazwa wekeni safu ya kikomo cha dawa za kudumu, safu ya macho, meno na masikio, na safu ya kipindi cha kusubiri. Pili, ziulizeni kampuni za bima, nanyi mchapishe majibu yao kama yalivyo: kwa nini zinakubali kulipia upasuaji wa nyonga iliyovunjika lakini hazilipii mazoezi ya kuzuia isivunjike?

Wenu,
Msomaji anayelea wazazi