Ukomunisti haukuzaliwa Moscow

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu historia ya ukomunisti nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale inaposema kwamba ukomunisti ulizaliwa Urusi mwaka 1917 na kufa mwaka 1991, Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Nimefundisha historia miaka mingi, na najua jinsi miaka miwili ya namna hiyo inavyokaririka kwa urahisi. Lakini huo ni umri wa dola moja. Vuguvugu lenyewe lilikuwa limekwisha kuishi karibu miaka 70 kabla Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, hajashika madaraka.

Mwaka 1848 kikundi kidogo cha wahamiaji jijini London, wengi wao Wajerumani, kilichapisha ilani iliyoandikwa na Marx na Engels, vijana ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika miaka 30. Mwaka 1864, hukohuko London, ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi. Mwaka 1871 watu wa Paris walijitawala kwa siku 72, hadi jeshi la Ufaransa lilipowamaliza kwa maelfu. Wazo lililowaunganisha wote hao ni kwamba mvuja jasho wa nchi moja si adui wa mvuja jasho wa nchi jirani. Urusi haikuwamo hata kidogo kwenye asili ya wazo hilo.

Siku ambayo makala yenu haikuigusa ni tarehe 4 Agosti 1914. Siku hiyo wabunge wa chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, chama kikubwa kuliko vyote vya wafanyakazi duniani wakati ule, walipiga kura kuikubalia serikali yao mikopo ya vita. Wasoshalisti wa Ufaransa nao wakaiunga mkono serikali yao. Watu waliokuwa wakiitana ndugu katika mikutano ya kimataifa wakaanza kurushiana risasi mahandakini. Bila siku hiyo huwezi kueleza kwa nini Lenin alitaka jumuiya mpya yenye nidhamu ya kijeshi, wala kwa nini Komintern, jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kikomunisti iliyoanzishwa Moscow Machi 1919, iliwapa wanaotaka kujiunga masharti 21 mwaka uliofuata.

Na waliojiunga hawakuja kwa kuipenda Urusi. M. N. Roy kutoka India alibishana na Lenin mwenyewe kuhusu makoloni. Kijana wa Kivietnam ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ho Chi Minh alikuwapo kwenye mkutano wa wasoshalisti wa Ufaransa mjini Tours, Desemba 1920, na aliichagua Komintern kwa sababu alisikia humo sauti dhidi ya ukoloni ambayo hakuisikia kwingine. George Padmore wa Trinidad aliongoza kazi ya Komintern miongoni mwa wafanyakazi weusi, kisha akaikimbia, akilalamika kwamba Moscow imeyaweka kando mapambano ya makoloni ili ipate urafiki wa Uingereza na Ufaransa. Alifukuzwa mwaka 1934.

Hapo ndipo penye uchungu wa historia hii, Mhariri, na ndipo makala yenu ilipopita mbio. Vuguvugu lililoanza kwa kukataa mipaka ya mataifa lilifungwa mguu kwenye maslahi ya taifa moja, na wafuasi wake wakalipa kwa damu. Aprili 1927, wakomunisti wa China, walioagizwa na Komintern kufanya kazi ndani ya Kuomintang, chama cha kizalendo cha China, walichinjwa Shanghai na majeshi ya mshirika wao, Chiang Kai-shek. Mwaka 1938 Komintern ilikivunja chama cha kikomunisti cha Poland kwa madai kwamba kimejaa majasusi. Viongozi wake waliokimbilia Urusi waliuawa karibu wote. Władysław Gomułka, mkomunisti wa Poland, alipona kwa kuwa alikuwa kifungoni Poland: jela ya adui ilikuwa salama kuliko hifadhi ya wenzake. Mwaka 1956 ikatangazwa kwamba chama hicho kilivunjwa bila sababu ya haki.

Kisha yuko Margarete Buber-Neumann, mkomunisti wa Kijerumani. Mumewe Heinz, aliyekuwa kiongozi wa chama, alipigwa risasi mwaka 1937 katika nchi aliyoikimbilia, Urusi. Margarete akapelekwa kambi ya kazi ngumu Kazakhstan. Mwaka 1940, Stalin akiwa na mkataba na Hitler, alivushwa daraja la Brest-Litovsk na kukabidhiwa kwa Wanazi, wakamfungia katika kambi yao ya mateso ya Ravensbrück hadi 1945.

Baada ya hapo Moscow haikuweza tena kuwashika wote. Tito, kiongozi wa Yugoslavia, alitoswa mwaka 1948 na akaendelea kutawala. China na Urusi zikakosana. Mwaka 1979 Vietnam iliing'oa serikali ya Pol Pot huko Kambodia, kisha China ikaishambulia Vietnam; dola tatu, kila moja ikitawaliwa na chama kinachojiita cha kikomunisti.

Sisemi haya ili kuusafisha ukomunisti. Mamilioni walikufa kwa njaa Ukraine mwaka 1932 na 1933, na makumi ya mamilioni China baada ya 1958, kwa sera za watawala wao. Lakini mkiifanya historia hii kuwa ya dola moja, wakulima wale wa China mnawaweka wapi? Hawakufa kwa amri ya Moscow. Na wale wa Indonesia, waliouawa kwa mamia ya maelfu mwaka 1965 na 1966 kwa kushukiwa tu kuwa wakomunisti, mnawahesabu wapi? Na jimbo la Kerala nchini India, ambako wananchi waliwaweka wakomunisti madarakani kwa kura mwaka 1957? Hata mwisho mliouandika haupo: chama cha China, kilichoanzishwa mwaka 1921, bado kinatawala kikiwa na wanachama zaidi ya milioni 90.

Mmeahidi sehemu ya pili. Naomba irekebishe miaka hiyo miwili, na impe nafasi, japo aya moja, mwanamke yule aliyevushwa daraja.

Wenu,
Mwalimu wa historia mstaafu