Aliyezinduka asigeuzwe shahidi wa motoni

Mhariri,

Naomba nafasi niwaombe wahubiri wetu wa Mwanza jambo moja: mtu aliyenusurika kifo asisimamishwe jukwaani aulizwe motoni alimwona nani.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Pasiansi. Baadhi ya wagonjwa niliowahudumia walizinduka na kunisimulia mambo, nami nawaamini kwamba waliyaona. Mmoja alikuwa kijana wa Ukerewe, mvuvi wa dagaa. Dhoruba iliupindua mtumbwi wao usiku wakiwa na karabai zao. Wenzake walimtoa majini hapumui, wakamkandamiza kifua na kumpulizia mpaka akakohoa. Alipopata nguvu wodini alinishika mkono: "Sista, kulikuwa na mwanga. Bibi aliyenilea alikuwepo. Akaniambia rudi." Basi. Alilia, lakini hakuwa na hofu hata kidogo.

Baadaye nilimsikia kwenye mkutano wa injili. Sasa kulikuwa na lango, kitabu cha majina, na watu waliozama ziwani wakiungua. Simlaumu kijana. Kila aliyemuuliza alikuwa na jibu lake tayari, naye alikuwa bado mdhaifu, anashukuru kuwa hai.

Mwaka 2001 daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 344 ambao mioyo ilisimama wakarudishiwa uhai. Waliokumbuka kuona kitu walikuwa 62. Je, wale 282 waliobaki tuseme hawana roho? Au Mungu aliwakataa? Hakuna mchungaji atakayethubutu kusema hivyo. Basi kwa nini simulizi ya mmoja itumike kuhukumu marehemu?

Wapo pia wanaosema ni ubongo tu unaokosa hewa. Huko Michigan, Marekani, mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba ubongo wa panya huchangamka kwa muda mfupi baada ya moyo kusimama. Ni jambo la kuzingatia, ila halinielezi kwa nini kijana yule alikutana na bibi yake na si mtu mwingine. Mimi ni Mkatoliki, naamini uzima wa milele, na imani hiyo niliipata kanisani na kwa wazazi wangu kabla sijaingia wodini. Haisubiri ushahidi wa mvuvi aliyepona.

Kinachoniuma ni wale wanaosikiliza. Mji huu una makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba pale Igoma tangu 1996. Kisiwani Ukara walizika watu wa kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka mwaka 2018. Mama ambaye mwanawe hakurudi anakaa kwenye kiti cha plastiki katika mkutano huo, anaambiwa kwa kipaza sauti kwamba waliozama wanaungua. Nimemwona mama wa namna hiyo akitolewa nje akiwa ameshikiliwa na majirani. Nani alimpa mhubiri ruhusa ya kumfanyia hivyo?

Kwa wauguzi wenzangu mlioko kazini: mgonjwa akizinduka, mwulize tu, "Unakumbuka nini?" Kisha nyamaza. Andika kwenye faili maneno yake kama alivyoyatamka, kabla ndugu na wachungaji hawajafika kitandani. Na akisema hakumbuki chochote, andika hivyo hivyo.

Muuguzi mstaafu,
Pasiansi, Mwanza