Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: pikipiki za zamani zisiuzwe kwa kilo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Heshima yako. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nakaa Majengo hapa Moshi. Jambo hili ningeweza kulileta masijala kwa bahasha ya kaki, ila naogopa lingegongwa muhuri wa "Imepokelewa" na kulala hapo. Halafu wapo wenzangu wenye ugonjwa kama wangu, watu tunaotambuana kwa mlio wa ekzosi kabla hatujaonana sura, nao wanataka kusikia nimekuambia nini.

YAH: PIKIPIKI CHAKAVU KATIKA VIWANJA VYA OFISI ZA UMMA

Ugonjwa wenyewe ni kufufua pikipiki za zamani. Jumamosi tunashinda na mafuta ya taa, mswaki mkuukuu na msasa. Jumapili baada ya ibada tunatoka mjini, tunapita Kiboriloni na Himo, tunapanda hadi Marangu, kilomita 40 hivi, kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa. Hatubebi abiria wala hatugombei vijiwe na bodaboda. Wake zetu wana maoni yao kuhusu starehe hii, na leo sitayaleta kwako.

Mwaka juzi, katika ofisi moja ya umma nisiyoitaja, niliona pikipiki imeegemezwa kwenye mti nyuma ya choo. Honda CG125. Tenki lilikuwa jekundu zamani, sasa limepauka, kiti kimeliwa na panya, tairi la nyuma limezama ardhini hadi kwenye rimu. Nikaikanyaga kiki taratibu kwa kisigino. Ikagoma kidogo, kisha ikashuka huku ikihema, ile pumzi nzito ya injini ambayo pistoni haijanata. Kompresheni ipo! Nikamtafuta mhusika. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, subiri mnada."

Nikasubiri miezi minane. Mnada ukaja siku ambayo nasimamia mtihani, na Honda ile ikauzwa fungu moja na makabati, mabati na viti vilivyovunjika miguu, vyote vikiitwa vyuma chakavu. Nilipompata mnunuzi kule Pasua, chuma kilikuwa bado cha moto. Shingo ya chesisi, pale panapogongwa namba, ilikuwa imekatwa kwa gesi vipande viwili. "Mwalimu, ungewahi jana tu," akaniambia, na nilimwona kabisa kwamba anasikitika. Injini nikainunua kwa uzito, ikapandishwa kwenye mizani kama gunia la mahindi: kilo 20 na ushee. Sasa iko chini ya kitanda changu, imefungwa gunia, haina mwili.

Mheshimiwa, huenda utauliza chuma kile kina nini cha kumliza mtu mzima. Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976, wakiilenga kwa nchi za namna yetu. Walijua inakokwenda: oili itachelewa kubadilishwa, vumbi litaingia, mzigo utazidi. Kwa hiyo hawakuiwekea cheni ya taimingi ya kuzungusha kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kichwani; walirudi kwenye fito mbili zinazosukuma valvu kutoka chini, na cheni ya nyuma wakaifunika yote isinywe matope. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi. Ndiyo maana kijana fundi wa bodaboda pale Mbuyuni, aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, ukimpelekea CG ya zamani hashangai. Anaifungua huku anapiga soga, maana nyingi anazozifungua kila siku ni wajukuu wa hiyo. Babu wa bodaboda nyingi zinazotuziba njia pale mnara wa saa ndiye tuliyemkata shingo Pasua.

Na si Honda peke yake. Kuna mzee mmoja wa Machame mwenye Bantam ya BSA, aliyonunua akiwa kijana kwa fedha za kahawa. Ukiisifia mbele yake kwamba ni kazi ya Mwingereza, atakukatisha. Anajua vizuri kuwa asili yake ni DKW RT125 ya Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, washindi walijitwalia michoro yake kama fidia. BSA wa Birmingham wakatoa Bantam mwaka 1948, Harley-Davidson wa Marekani wakatoa ya kwao, Warusi nao hawakubaki nyuma, na Yamaha pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, waliifuatisha hiyo hiyo.

Mzee huyu hana kipimo cha pointi, zile ncha mbili za chuma zinazofunga na kukata umeme wa cheche. Anachukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, anaichomeka katikati ya pointi, kisha anazungusha injini kwa mkono polepole, karatasi ameishika kwa vidole viwili na kuivuta kidogo tu. Inabanwa, inabanwa, halafu ghafla inaachia. "Hapo," ananiambia, "ndipo cheche inaruka." Nimefundisha umeme miaka 15, nimechora koili ubaoni mara nisizoweza kuzihesabu, na sijawahi kumwonyesha mwanafunzi kwa ufasaha ule kwamba cheche huzaliwa sakiti inapokatwa, si inapofungwa. Siku hiyo niliteremka Machame nikiwa mwanafunzi.

Sasa ombi langu. Siombi fedha wala kiwanja. Naomba kwamba ofisi ya umma mkoani hapa ikishafuta pikipiki kwenye vitabu vyake, iiuze peke yake, si ndani ya fungu la vyuma. Na inapotoka getini, itoke na karatasi moja: namba ya chesisi, namba ya injini, jina la ofisi iliyoimiliki, sahihi na muhuri. Najua taratibu za kuondosha mali za Serikali ziko chini ya Wizara ya Fedha, na sikuombi uzivunje. Lakini wakurugenzi na wakuu wa taasisi wanakaa mezani kwako kila mara, na neno lako linabebwa.

Karatasi hiyo naililia kwa sababu nimeumwa na ukosefu wake. Nina Yamaha AG100 niliyoipata kwenye mnada wa mradi fulani uliokwisha fedha. Niliijenga miezi 14. Ringi mpya, beringi mpya, breki zote mbili, nyaya nimezipitisha upya moja moja. Inawaka kwa kiki ya pili, siku ikiwa na hasira ya tatu. Lakini kadi haina, na stakabadhi ya mnada imeandikwa "pikipiki mbovu 1", basi. Nilipokwenda kuiandikisha, binti wa dirishani alitaka kadi au barua ya mmiliki wa mwanzo. Nilichukia njiani kurudi, lakini kwa haki ya Mungu alikuwa sahihi: "pikipiki mbovu 1" inaweza kuwa pikipiki yoyote, hata iliyoibwa jana usiku. Mradi umefungwa, ofisi yake sasa inauza rangi za nyumba, na hakuna aliyebaki wa kuniandikia barua. Kwa hiyo AG100 yangu inazunguka uani tu, kuku wanaikimbia, na jirani ananiuliza kila wiki safari ya Marangu ni lini.

Utaambiwa pikipiki hizi zinatoa moshi. Ni kweli, na moshi wa bluu wa hiyo AG100 siutetei, maana injini yake huchoma oili pamoja na petroli, ndivyo ilivyoundwa. Moshi mweusi ni habari nyingine. Mjini Moshi tuko mita 800 na kitu, lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Huko hewa ni nyepesi, na kabureta iliyokuwa inakula kwa adabu hapa chini inageuka mlafi. Inakohoa, inafuka, inakosa nguvu mlimani. Tunabeba jeti ndogo, yaani kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, mfukoni tukabadilishe njiani. Kuhusu usalama, askari wa usalama barabarani watukague watakavyo: taa, breki, kofia ngumu. Ambayo haikufaulu ibaki nyumbani. Wengine wetu tuna breki za dramu zinazohitaji kuombewa, na hao nawasema hadharani wazirekebishe.

Kama ungependa pikipiki hizo zifae zaidi ya starehe yetu, baadhi zipelekwe chuo cha ufundi cha VETA pale mjini kabla ya kuuzwa. Kijana akishazifungua na kuzifunga tena CG mbili tatu, simwoni akikosa kazi Moshi. Lakini hilo ni la ziada, karatasi kwanza.

Nimeambatisha karatasi niliyoisugua kwa penseli juu ya namba ya chesisi ya AG100. Tarakimu ya tatu kutoka mwisho imelika kutu, ni 3 au 8, nimeitazama kwa lenzi ya maabara na bado sina hakika. Kama kuna daftari la zamani la magari na pikipiki katika ofisi yoyote ya mkoa, naomba ruhusa ya kuja kulipekua mwenyewe. Jumamosi naweza kuahirisha gereji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Majengo, Moshi