Warsha za wachoraji zifundishe mkataba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaotuandalia warsha sisi wachoraji wa Nairobi. Siku hizi ni wengi: mashirika, balozi, majumba ya sanaa, wakati mwingine hata kaunti. Sina ugomvi na nia yao. Nimehudhuria warsha hizo kwa miaka na nimepata marafiki humo. Ila kuna somo moja linalorukwa kila mara, somo la mikataba na haki za mchoraji kisheria, nalo ndilo linalotutia hasara kuliko mengine yote.

Ratiba yao nimeshaihifadhi. Asubuhi ni kujitambulisha, kila mtu na kibandiko cha jina kifuani. Kisha tunafunzwa kuandika maelezo ya msanii, zile aya mbili tatu za Kiingereza za kueleza kwa nini unachora unachochora. (Yangu nimeyaandika upya mara nyingi mno, na sijaona mnunuzi hata mmoja akiyasoma.) Baada ya chakula cha mchana ni namna ya kupiga picha za kazi kwa simu na kuzipandisha Instagram. Jioni tunapewa vyeti, tunapiga picha ya pamoja, tunatafuta matatu.

Hayo yana faida yake. Anayeomba nafasi ya kwenda kuchora ng'ambo hawezi kuyakwepa yale maelezo, na wapo wateja wanaotufikia kupitia mtandao. Lakini mteja akishakuona atakupigia simu, mtaelewana bei, naye atataka kazi. Hapo ndipo warsha hutuacha kwenye mataa.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema hivi kwa maneno yangu: mtu akikuagiza umfanyie kazi, hakimiliki ya kazi hiyo, yaani haki ya kuinakili na kuichapisha, huhesabiwa kuwa imehamia kwake, ila kama mmekubaliana vingine. Lakini ukichora kwa fikira zako mwenyewe halafu mtu akaja akanunua, anaondoka na mchoro, na hakimiliki inabaki kwako mpaka utakapoihamisha kwa maandishi yenye sahihi yako. Rangi ni ileile, mkono ni uleule, na pengine bei ni ileile, lakini kisheria hizo ni biashara mbili tofauti. Nimewauliza wenzangu wengi kama walilijua hilo. Wanaolijua ni wale waliokwisha kuumwa.

Mmoja wao ni mwenzangu tunayechangia naye kodi ya studio. Kampuni moja hapa mjini ilimwagiza mchoro wa soko, kina mama na vikapu vya nyanya, wa kutundikwa sehemu ya mapokezi. Alilipwa vizuri, kwa M-Pesa, siku aliyoupeleka. Disemba ilipofika mchoro ule ukatokea kwenye kalenda, kwenye shajara na kwenye mifuko ya zawadi za wateja. Jina lake halikuwa popote. Alipokwenda kuuliza, afisa alimjibu kwa upole kabisa: "Lakini dada, si tulikulipa?"

Kuhusu kuchapisha, afisa yule alikuwa na sheria upande wake. Kuhusu kuondoa jina hakuwa nayo, maana kifungu cha 32 kinamwachia mtunzi haki ya kutambuliwa hata kama haki za kibiashara zimekwenda. Mwenzangu hakuyajua yote mawili, basi akainuka akaaga. Karatasi moja ingemsaidia, tena ya sentensi chache: mteja anachukua mchoro, hakimiliki inabaki kwa mchoraji, na kuuchapisha ni kwa ruhusa na malipo mengine. Kuandika karatasi hiyo hakuhitaji siku tatu hotelini.

Kuna jingine. Mwaka wa 2019 sheria hiyo ilirekebishwa, ikampa mchoraji haki ya asilimia 5 ya bei ya mauzo kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Yapo masharti, nayo ndiyo tungetaka wakili aje atufafanulie. Lakini tazama hesabu. Umeuza mchoro kwa Sh30,000 kwa sababu shule zinafunguliwa. Miaka ikapita, ukapigwa mnada kwa Sh600,000. Asilimia 5 ya hizo ni Sh30,000, yaani bei yote ya mwanzo imekurudia. Wala minada si hadithi za Ulaya. Mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki umekuwa ukifanyika hapa Nairobi tangu 2013.

Sasa utadaije, na hujui kazi ilikwenda wapi? Mimi ningepewa siku moja ya kufundisha, ningeanzia nyuma ya mchoro. Ningemwambia kila mtu aje na kazi yake, aigeuze. Wengi wetu tunachora kwenye amerikani iliyonunuliwa Biashara Street, tumeivuta kwenye fremu ya mbao, tumeibana kwa stapla na kuipaka rangi nyeupe mara mbili tatu. Mbele kunang'aa, nyuma hakuna hata herufi moja. Pale nyuma panatakiwa jina lako kamili, jina la mchoro, mwaka, vipimo na aina ya rangi. Andika kwenye mbao, usiandike kwenye kitambaa, kwa sababu wino ukipenya utajitokeza mbele katikati ya anga uliyoihangaikia wiki nzima. Kisha daftari: nani amenunua, namba yake ya simu, bei, tarehe. Mzee aliyenifunza kuchanganya rangi alikuwa na daftari la jalada gumu la namna hiyo, na ungemtajia mchoro wowote wa ujana wake angekuambia uko nyumba gani.

Majumba ya sanaa nayo tunayaachia kazi kwa mali kauli, yaani tunalipwa ikishauzwa, na mengi huchukua asilimia 30 hadi 50 ya bei. Hilo silipingi, wana kodi ya nyumba na wafanyakazi. Ninachotaka kufundishwa ni kuuliza kabla ya kuacha kazi: ikilowa mvua nani analipa, ikiuzwa nitalipwa baada ya siku ngapi, isipouzwa nitarudishiwa lini? Habari ya kodi ya zuio, ambayo kampuni huikata kwenye malipo yetu kwa niaba ya serikali na sisi tukadhani tumeibiwa, ingetosha nusu saa.

Mahali pia patazamwe. Warsha nyingi hufanyika Westlands, Kilimani au Gigiri, siku ya kazi, kwa Kiingereza. Mchoraji wa Kayole anayepaka mabango ya maduka ili ale hawezi kuiacha Jumanne nzima. Na watu wasidhani vipaji viko upande ule tu. Wajukuu, kundi la wasanii wa Mukuru, walialikwa kwenye maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2022, wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Hawakuhitaji mtu wa kuwafunza kujieleza. Nairobi hii imekuwa na mahali pa wachoraji kujifunza kwa wenzao tangu Paa ya Paa ilipofunguliwa 1965, na Kuona ilipoanza katika Makavazi ya Taifa 1995. Kuchora tutafundishana wenyewe. Msaada wa nje tunauhitaji kwenye yale tusiyoyajua, na sheria ni mojawapo.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Badala ya mkufunzi wa nne wa mitandao ya kijamii, mlete wakili mmoja na afisa mmoja wa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mje na mkataba wa mfano wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye nafasi wazi za kujaza jina, bei na haki zinazobaki kwa mchoraji. Kila mtu aondoke na nakala kumi, cheti si lazima. Sisi wa Umoja tunacho chumba, viti tutaazima kanisani, na Jumapili baada ya saa nane wengi wetu tuko huru.

Mchoraji,
Umoja, Nairobi