Kabla hujakubali kufutiwa diski: mashine ya Linux ikigoma kuwaka, kuonyesha au kutoa sauti

Mwalimu mmoja alikuja dukani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, akitokea Kasulu, kompyuta yake ameifunga ndani ya kitenge. Ilikuwa haiwaki. Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia dawa ni moja tu: kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Akakataa, maana ndani yake kulikuwa na maandalio ya masomo ya miaka mitatu pamoja na alama za wanafunzi. Tulipoiwasha, kioo kilikuwa cheusi, maandishi meupe, na mstari wa mwisho umeandikwa (initramfs).

Mashine hiyo ilikuwa haijafa. Betri yake ilishachoka, umeme ukakatika akiwa kazini, ikazimika ghafla na kuacha mpangilio wa mafaili umevurugika. Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo badala ya Windows, ikaona hitilafu, ikakataa kuendelea mpaka mtu aikague. Juu ya mstari ule ilikuwa imetaja patisheni (sehemu ya diski) yenye shida, /dev/sda2. Kwanza tulikagua afya ya diski yenyewe, kwa sababu diski inayogongagonga au inayorudia kuandika I/O error (kosa la kusoma au kuandika) haitakiwi kulazimishwa. Hiyo inatolewa nakala kwanza. Ya mwalimu ilikuwa nzima. Tukaandika fsck -y /dev/sda2, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili, tukaiacha imalize, kisha tukaandika exit. Ikawaka, na maandalio yake yote yapo.

Tunaeleza haya kwa sababu tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wetu wengi wenye mashine zisizokubali Windows 11 wamehamia Linux Mint na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux. Uamuzi mzuri, mashine zao zimepata maisha mapya. Lakini ikitokea shida ndogo, wanakutana na fundi ambaye hajaizoea Linux, naye anafuta. Inatuuma kweli kuona mtu anapoteza picha za mazishi ya mzazi wake kwa tatizo la robo saa.

Kitu cha kwanza tunachofanya, iwe shida ni kuwaka, kioo au sauti, ni kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux. Chagua ile ya kujaribu bila kusakinisha, na diski yako haitaguswa. Kama kwa flashi sauti inatoka na picha inaonekana vizuri, basi vifaa ni vizima, kosa liko kwenye programu. Kama hata kwa flashi hali ni ileile, hapo ndipo tunaanza kushuku kifaa na kushika bisibisi. Flashi ya GB 8 inatosha, na ukija na yako tunakuandalia uwe nayo nyumbani.

Upande wa kuwaka, maneno yanayowatisha watu zaidi ni grub rescue. GRUB ni programu ndogo inayotangulia, kazi yake ni kuiita Linux iamke. Ukiona maneno hayo, mara nyingi GRUB haipati mafaili yake, pengine kwa sababu mtu alifuta au alibadilisha patisheni. Mafaili yako yanaweza kuwa salama kabisa mahali pake. GRUB inarudishwa kwa flashi ileile. Na kama mashine iliacha kuwaka mara tu baada ya kusasisha, iwashe huku umeshika Shift, au ugonge Esc, menyu itokee. Ingia Advanced options uchague kerneli (kiini cha Linux) iliyotangulia. Linux huwa haiondoi ya zamani mara moja, sababu yake ndiyo hii.

Kuna nyingine ya bei ndogo ambayo watu wanatozwa kama ugonjwa mkubwa. Mashine inasema haioni diski ya kuwashia, na ukiangalia saa imerudi miaka ya nyuma. Kwenye mashine nyingi ndani kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Ikiisha, mipangilio inapotea, na mashine inaweza kusahau iwake kwa njia ipi. Tunabadilisha betri, tunarudisha mipangilio, basi. Hata kurasa za intaneti zilizokuwa zinakataa kufunguka zinarudi, kwa sababu zilikuwa zinagombana na ile tarehe.

Kioo kikiwa cheusi, chukua tochi ya simu umulike kwa pembeni. Ukiona picha kwa mbali, taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa, na hapo Linux haina kosa. Usipoona kitu, unganisha na TV kwa waya wa HDMI uone kama picha inatoka huko. Lakini kama nembo ya kampuni inatokea vizuri halafu giza linaingia Linux inapoanza, shuku draiva ya picha, yaani programu inayoiwezesha Linux kutumia kadi ya picha, hasa kwenye mashine zenye kadi ya NVIDIA. Kwenye menyu ya GRUB gonga e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwishoni mwake ongeza nomodeset, kisha F10. Picha ikirudi, usiridhike nayo. Maandishi yatakuwa makubwa na mwanga wa kioo huenda usipungue, kwa sababu hiyo ni njia ya kuingilia tu ili draiva sahihi isakinishwe.

Sauti haina mambo mengi. Aliyeangalia mechi kwenye TV jana, leo hasikii kitu: sauti bado inaelekezwa HDMI, irudishe kwenye spika katika mipangilio. Vinginevyo fungua alsamixer, programu ya sauti inayoitwa kwa kuandika jina lake kwenye terminal, gonga F6 uchague kadi yako. Ukiona MM chini ya Master au Speaker, imezibwa. Gonga M iwe 00. Ikiandika Dummy Output, Linux haijaitambua kadi kabisa. Kwa mashine mpya kidogo za Intel zenye Debian, aina nyingine ya Linux, mara nyingi kilichokosekana ni kifurushi cha firmware-sof-signed, programu ndogo inayohitajiwa na kadi ya sauti.

Ukija dukani, njoo na chaja yako hata kama unaiona haina shida, na piga picha ya kioo kabla hujazima, maana mstari mmoja wa maandishi unatuokolea saa nzima. Anayetoka Uvinza au Kibondo atutumie picha hiyo kwanza kabla ya kulipa nauli. Kupima kwa flashi hatutozi. Na ikibidi tuifute diski, hatuigusi mpaka mafaili yako yawe yamenakiliwa kwenye diski ya nje na wewe mwenyewe umeyafungua mbele yetu.