Mdogo wangu, usiende kusoma Wagiriki bila Kigiriki

Mdogo wangu,

Salamu na hongera. Shahada uliyopata nafasi ya kuisomea ni ya ustaarabu wa kale, wa Wagiriki na Warumi, si ya lugha za kale, na vyuo vingi vya Uingereza vitakuacha umalize miaka mitatu ukisoma Homer, mshairi wa Wagiriki, na Tacitus, mwanahistoria wa Warumi, kwa Kiingereza tu. Usikubali. Siku ya kuchagua masomo, chagua Kigiriki cha wanaoanza, hata wenzako wakikutisha kwamba kitakushushia alama.

Herufi 24 hazitakusumbua; wiki moja inatosha. Watu hukwama kwenye vitenzi. Kitenzi cha Kigiriki kina mashina sita, na anayekariri lile la kwanza tu hupotea akifika kwenye matini halisi. "Naona" ni horao, "nitaona" ni opsomai, "niliona" ni eidon. Utakisiaje? Kwa hiyo kila kitenzi kipya kiandike na mashina yake yote tangu siku ya kwanza.

Ukiongeza Kilatini, mtego ni mwingine. Soma sentensi hii: puerum canis mordet. Anayeanza hudhani mtoto anamng'ata mbwa, kwa sababu mtoto katangulia. Sivyo. Mwisho -um unasema mtoto ndiye aliyeng'atwa, popote atakapowekwa. Zoea kutafuta kitenzi kwanza, kisha mtenda, ndipo ufuate vingine. Upatanisho wa kivumishi na jina hautakutoa jasho; aliyekulia kwenye ngeli haogopi jinsia tatu za majina ya Kilatini.

Tovuti ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts ina matini na kamusi bure. Ukibofya neno, mara nyingi itakupa uchambuzi zaidi ya mmoja. Kuchagua ulio sahihi ni kazi yako, na wahadhiri humgundua upesi aliyebofya tu.

Kwenye insha, usitaje ukurasa wa tafsiri uliyonayo mkononi. Mwanafalsafa Plato hutajwa kwa namba za kurasa za chapa ya 1578: mfano wa pango kwenye kitabu chake cha Jamhuri unaanza 514a, iwe tafsiri ya nani. Mwanahistoria Thucydides hutajwa kwa kitabu na sura. Tauni ya Athens inaanza 2.47. Tena uliza mwandishi aliishi lini. Kaisari Tiberius wa Roma alifariki mwaka 37 BK, na Tacitus aliandika habari zake karne ya pili ilipokwisha kuanza.

Kwa maandishi ya kuchongwa kwenye mawe, tazama mabano. Yaliyo ndani ya mabano ya mraba hayapo kwenye jiwe. Ni ya mhariri wa siku hizi, aliyejaza palipovunjika. Wapo wanafunzi wanaojenga hoja nzima juu ya neno ambalo hakuna Mgiriki aliyelichonga. Mabano ya duara ni jambo jingine: hapo mhariri amekamilisha kifupisho tu.

Kuhusu tasnifu, nina pendekezo. Mfanyabiashara mmoja wa Misri, karne ya kwanza, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi, uitwao Periplus. Sura ya 15 hadi 18 ni za pwani yetu. Usitumie kurasa zako kubishania mji wa Rhapta unaotajwa humo ulikuwa wapi. Ubishi huo ni wa zamani na haujaisha. Biashara yenyewe ina utamu zaidi. Zinaingia shoka, visu, mikuki iliyotengenezwa kwenye bandari ya Muza huko Yemen. Zinatoka pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Sehemu nyingine hupelekwa divai na ngano, si za kuuza bali za kuwafurahisha wenyeji. Na wakubwa wa Muza hutuma manahodha Waarabu waliooa huku na wanaoijua lugha ya wenyeji. Kwa nini hao, wasiwe mabaharia wa Misri wenyewe? Anzia hapo, na sura hizo nne uzisome kwa Kigiriki.

Kaka yako