Dafu si dawa ya figo kwa kila mwenye kisukari

Mhariri,

Hapa Dar es Salaam imezoeleka kuambizana kwamba maji ya dafu "yanasafisha figo", na wenye kisukari ndio wanaohimizwa zaidi wayanywe. Naomba nafasi nieleze kwa nini ushauri huo hauwezi kuwa mmoja kwa wote.

Bilauri moja ya maji ya dafu ina takriban miligramu 600 za madini ya potasiamu. Figo nzima huitoa kwa mkojo bila shida. Figo iliyochoka huiacha kwenye damu. Kwa mwenye kisukari hali hiyo inaweza kuanza mapema zaidi, kwa sababu insulini ndiyo inayoingiza potasiamu ndani ya seli. Insulini ikipungua, potasiamu hutoka na kurudi kwenye damu. Tena wengi wao wanatumia dawa za shinikizo la damu kama losartan au enalapril. Dawa hizo zinalinda figo, na mtu asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, ila nazo hupandisha potasiamu. Diklofenaki ya kutuliza maumivu ya mgongo huipandisha vilevile, na juu ya hapo inaiumiza figo yenyewe. Kiwango cha kawaida cha potasiamu kwenye damu ni kama 3.5 hadi 5.0 mmol/L. Kikivuka 6, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hadi moyo kusimama, na mara nyingi mgonjwa hasikii dalili yoyote kabla.

Kwa hiyo mtu ajue kwanza namba zake. Vipimo vya msingi ni viwili: kreatinini ya damu, yaani taka inayotolewa na figo, inayotumika kukokotoa uwezo wa figo kuchuja (kwenye majibu huandikwa eGFR), na albumini (aina ya protini) ya mkojo ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo huo. eGFR chini ya 60, au albumini kuanzia 30 mg/g, ikidumu zaidi ya miezi mitatu, ni ugonjwa sugu wa figo. Mwenye kisukari aina ya pili hupimwa tangu anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza kupimwa miaka mitano baada ya kugundulika. Kijiti cha kawaida cha mkojo hakitoshi, kwani hukosa albumini ikiwa bado kidogo, na hapo ndipo figo bado inaweza kuokolewa. Potasiamu ikija juu bila sababu inayoeleweka, sampuli irudiwe siku hiyohiyo: mkono ukifungwa mpira muda mrefu, au chembe za damu zikipasuka wakati wa kuchukua damu, namba hupanda bila ugonjwa.

Asiye na potasiamu ya juu asinyimwe mchicha, matembele wala maharage. Inasikitisha kuona wagonjwa waliokatazwa kila kitu wakabaki na ugali wa sembe na wali mtupu, sukari ikapanda, na figo ikazidi kuumia.

Aliyethibitika kuwa na potasiamu ya juu amenye viazi, ndizi za kupika au magimbi, akate vipande vidogo, achemshe kwenye maji mengi, amwage maji hayo, ndipo aunge. Kuloweka usiku kucha bila kuchemsha hakutoi madini ya kutosha. Mboga za majani nazo zichemshwe na maji yamwagwe. Supu ya ndizi asinywe, maana potasiamu imehamia humo. Ubuyu na ukwaju navyo vina potasiamu nyingi. Sukari yake ikishuka chini ya 4 mmol/L, asikimbilie juisi ya machungwa, kwani nayo ina potasiamu. Akoroge gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, kwenye maji, anywe, apime tena baada ya dakika 15.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ijumuishe ng'onda, papa mkavu, chachandu na vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, ambavyo karibu nusu yake ni chumvi. Magadi ya kulainishia maharage na mlenda yana sodiamu pia, kama chumvi. Maharage yakilowekwa usiku hayahitaji magadi. Lakini soma pakiti ya chumvi inayouzwa kama "yenye sodiamu kidogo": mara nyingi sodiamu imepunguzwa kwa kuweka kloridi ya potasiamu.

Kuhusu fosforasi, madini mengine ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, aanze kuacha soda za kola na soseji kabla ya kugusa maharage. Fosfeti za kiwandani hufyonzwa karibu zote. Ya maharage, sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu asizitumie bila kumuuliza daktari, kwa kuwa figo dhaifu huilimbikiza.

Ombi langu kwa kliniki za kisukari: andikeni eGFR, albumini na potasiamu kwenye daftari la mgonjwa, pamoja na tarehe, kabla ya kumpa karatasi ya vyakula.

Mtaalamu wa lishe,
Temeke, Dar es Salaam